Gia za Betri, Tope la Bariadi

Nilimnunulia mume wangu baiskeli ya kisasa kuliko zote nilizowahi kuziona. Miezi minane akanificha kwamba imekufa.

Jumapili ya mwisho ya Septemba 2025. Mimi niko Dar, nimejilaza kwenye kochi. Mume wangu yuko Bariadi, kwenye kiti cha plastiki nje ya nyumba aliyopanga Somanda. Tunaongea kwa simu ya video kama kawaida yetu ya kila Jumapili. Siku hiyo Kigali walikuwa wanamaliza mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza kabisa kufanyika kwenye ardhi ya Afrika, na Tadej Pogačar wa Slovenia alikuwa ameshawaacha wenzake mbali. Mimi si mtu wa baiskeli, tuelewane. Lakini nilikuwa nimetumiwa kipande cha video ambacho kamera imevuta karibu gurudumu la nyuma, nikakiona kile kidude cheusi kinachohamisha mnyororo, nikapiga kelele:

“Baba watoto! Gia zao si kama zako zile?”

Kimya.

“Mtandao unasumbua,” akasema. Akakata.

Mpenzi msomaji, ukiwa kwenye ndoa ya mbali unajifunza kusoma vitu vidogo. Mtandao ukisumbua kweli, picha huganda kwanza. Siku ile picha haikuganda hata kidogo. Nilimwona kabisa anaangalia pembeni, kama mtoto aliyevunja chupa ya chai. Usingizi uliniruka. Nikaanza kupanga majina ya wanawake wa Bariadi ambao hata siwajui.

Kumbe mwanamke mwenyewe alikuwa baiskeli.

Zawadi ya laki tisa na nusu

Turudi nyuma kidogo. Mume wangu anafanya kazi kwenye mambo ya pamba, na ukisema pamba Tanzania lazima utaje Simiyu. Mkoa wenyewe ulizaliwa mwaka 2012, ukamega upande wa Shinyanga na kipande cha Mwanza, makao makuu yakawekwa Bariadi. Alipohamishiwa huko tulikubaliana mimi nibaki Dar na mtoto kwa sababu ya kazi yangu na shule, yeye awe anakuja kila akipata nafasi. Miaka inakwenda. Wasomaji wenzangu walio kwenye hali hii wanajua: simu zinakuwa ndiyo nyumba yenu, na zawadi zinakuwa na uzito ambao hazikuwa nao mlipokuwa mnalala kitanda kimoja.

Mwaka 2024 siku yake ya kuzaliwa ilikuwa inakaribia. Alikuwa amelalamika kiaina kwamba kitambi kinamkimbilia, kwamba pikipiki ya ofisi inamzoesha uvivu, kwamba Bariadi kila mtu anaendesha baiskeli isipokuwa yeye. Na ni kweli. Ukitoka Lamadi pale kando ya ziwa ukashika lami ya kwenda Bariadi, utawaona: mzee na gunia, dada na madumu ya maji, kijana na tenga la kuku, baba na mama mjamzito kwenye keria wanaelekea zahanati. Baiskeli zenyewe ni zile nyeusi za chuma, Phoenix ya China nyingi, Avon na Hero za India, na Raleigh mojamoja ya babu. Breki za vyuma, keria ya nondo iliyochomelewa hapo hapo mtaani, na gia moja tu. Usukumani baiskeli si mazoezi wala mapozi. Ni gari la familia.

Sasa mimi na ujanja wangu wa mjini nikaona Phoenix haina hadhi ya mume wangu. Nikaenda kwenye duka moja la baiskeli za mtumba hapa Dar, jina naliacha. Nikaikuta imening'inizwa ukutani peke yake: fremu ya kijivu, tairi nene za milimani, na haina waya hata mmoja wa gia. Muuzaji akabonyeza kitufe kwenye usukani, kule nyuma kitu kikalia *ng'iii* na mnyororo ukahama wenyewe. Akabonyeza tena. *Ng'iii*. Jamani, nilipenda! Nikatoa laki tisa na nusu, fedha ya mchezo wa kazini ambayo nilikuwa nimeipangia friji. Nikaifunga, nikaipakia basi la Bariadi, mume wangu akaipokea stendi na kunitumia picha kumi na nne.

Hicho kidude ni kitu gani hasa?

Kwa faida yako ambaye hujawahi kukitazama: baiskeli yenye gia nyingi ina rundo la meno ya chuma kwenye gurudumu la nyuma, makubwa kwa madogo. Chini yake kunaning'inia mkono wenye vigurudumu viwili vidogo. Huo mkono ndio unaosukuma mnyororo kutoka jino moja kwenda jingine. Wazungu wanauita kwa neno la Kifaransa, direila; mimi nitauita kibadilisha gia tusichoshane.

Zamani hata mabingwa hawakuwa nacho. Kwenye Tour de France hadi mwaka 1937 kilikuwa marufuku. Mpanda baiskeli akifika mlimani anashuka, anachomoa gurudumu la nyuma, analigeuza upande wenye jino jingine, anapanda tena. Kiliporuhusiwa, kwa miaka mingi kikawa kinavutwa na waya mwembamba wa chuma kutoka kwenye usukani. Waya huo ni kama ndoa changa: unalegea taratibu, unahitaji kukazwa kila mara, na ukiingiwa na uchafu unakuwa mzito.

Basi kampuni zikasema tuondoe waya, tuweke mota. Mavic wa Ufaransa walijaribu mwaka 1992 na wakajaribu tena 1999, wakashindwa kuiteka dunia. Mwaka 2009 Shimano wa Japani wakatoa yao iliyoitwa Di2, na hiyo ikakubalika. Campagnolo wa Italia wakafuata 2011, na 2015 SRAM wa Marekani wakaondoa hata nyaya za umeme, kitufe kikawa kinawasiliana na mota kwa mawimbi ya redio. Leo mabingwa karibu wote wako huko. Biniam Girmay wa Eritrea alipoivaa jezi ya kijani ya Tour de France mwaka 2024, Mwafrika mweusi wa kwanza kuichukua, gia zake zilikuwa za kubonyeza.

Ndani ya hicho kidude kuna mota ndogo kama ya kichezeo, vigia vidogo vinavyopunguza mwendo wake na kuuongezea nguvu, bodi yenye chipu, na betri ya lithiamu. Betri nyingine zimefichwa kwenye fremu, nyingine zinabandikwa nyuma ya kidude chenyewe. SRAM wanasema chaji moja ya zile za kubandika kwenye baiskeli za barabarani inakwenda saa 60 hivi za kuendesha. Kitufe cha kwenye usukani kina betri yake ya duara, inayofanana na ya saa, na inadumu mwaka mmoja na kitu hadi miwili. Haki yao tuwape: hakuna waya wa kulegea, hakuna kukaza kila wiki, mvua ya kawaida haiwasumbui, na gia inaingia palepale kila unapobonyeza.

(Kuna na kituko. Mwaka 2024 watafiti wa vyuo vikuu viwili vya Marekani walionyesha kwamba mawimbi ya gia za Shimano yanaweza kunaswa na kurushwa tena na mtu aliye umbali wa mita 10, akakuchezea gia zako bila wewe kujua. Kampuni ikatoa programu mpya ya kuziba hilo tundu. Lakini wale wenye wapenzi wenye wivu, mmeshaonywa.)

Miezi minane ya “ipo”

Desemba nilichukua likizo. Ndege hadi Mwanza, halafu Kosta, Magu, Lamadi, Bariadi. Sikumwambia siku. Najua, najua, wataalamu wa mahusiano wanasema usimvizie mwenzi wako. Nilimvizia.

Nilipofika Somanda kitu cha kwanza nilichokiona ni Phoenix nyeusi imeegeshwa mlangoni, ina tope hadi kwenye siti. Nikaingia. Hakuna mwanamke. Nyuma ya mlango wa chumba cha kulala kuna kitu kimefunikwa kitenge changu mwenyewe, kile nilichomwachia safari iliyopita. Nikafunua. Baiskeli ya kijivu, safi kama siku niliyoinunua, isipokuwa kule nyuma. Kidude kimepinda kuelekea ndani, spoku mbili hazipo, mnyororo unaning'inia.

Alirudi saa kumi na moja jioni, akanikuta nimekaa kitandani nimeikabili baiskeli kama polisi na mtuhumiwa.

“Tangu lini?”

“Aprili.”

Aprili! Yaani miezi minane kila nikimuuliza baiskeli vipi ananijibu “ipo”. Na kweli, ilikuwepo.

Nilimwambia maneno ambayo siyarudii hapa. Yeye akanyamaza, halafu akasema kitu ambacho sikukitegemea: “Ulikosa friji kwa ajili yangu. Ningeanzaje kukuambia?” Mimi nilidhani amenichoka. Yeye alidhani nitamwona mzembe asiyetunza zawadi ya mke wake. Kila Jumapili tunaongea saa nzima, na hilo halikuwahi kupita kwenye simu.

Usiku ule tulikula ugali na sato bila kuangaliana sana. Asubuhi tukaamua jambo moja: kabla ya kuendelea kulaumiana, tujue kwanza imekufa nini.

Si betri

Ilivyovunjika ni hivi. Udongo wa huku ni wa aina nyingi na Wasukuma wanaujua kwa majina. Kwenye vilima kuna luseni, mchanga mchanga, mvua ikinyesha baada ya muda unapita. Mabondeni kuna mbuga, udongo mweusi mzito ambao ukilowa unakuwa gundi. Pamba inaupenda, baiskeli inauchukia. Mwezi Aprili alikuwa anarudi kutoka shambani upande wa Lagangabilili, mvua imemkuta njiani. Tope la mbuga likajaa kwenye vile vigurudumu viwili, likashika bua la pamba, yeye akakanyaga kwa nguvu. Bua likauvuta mkono wa gia ndani ya spoku. *Kra!* Akatembea kwa miguu mpaka giza, baiskeli begani. Tope la mbuga halimruhusu mtu kuburuta kitu.

Phoenix za wenyeji hupita njia hiyo hiyo. Tope linajaa kwenye bampa, mtu anashuka, anachokoa kwa kijiti, anaendelea. Mnyororo wake hauna mahali pa kwenda.

Kila mtu aliyeonyeshwa alisema betri. Jirani alisema betri, mwenye nyumba alisema betri, na mume wangu alikuwa ameichaji mara tatu. Lakini taa ya kidude ilikuwa inawaka kijani, na ukibonyeza kitufe mota inalia. Inalia tu, mkono hausogei. Nilimpigia fundi mmoja wa baiskeli za mashindano aliyeko Arusha ambaye tuliwahi kumwandika, akanielekeza kama daktari wa simu. Kwanza, akasema, tazama kisikio, kile kipande kidogo cha aluminiamu kinachoshikilia kidude kwenye fremu. Kimetengenezwa kipinde au kivunjike chenyewe ili fremu ipone. Baiskeli nyingi zinazoambiwa gia zimekufa, kilichokufa ni kisikio. Pili, baadhi ya mifumo ina kinga: ikigongwa, mota inajiachia na mkono ili isivunjike, na ya Shimano unairudisha kwa kushikilia kitufe sekunde 5 mpaka taa ianze kuwaka na kuzima. Tatu, plagi na sehemu betri inapogusana na kidude. Kutu ya kijani ikikaa pale, hata betri mpya haisaidii. Nne, kama mota inalia na mkono hausogei, vigia vya ndani vimelika. Hapo, akasema, pole.

Kisikio chetu kilikuwa kimepinda kama kijiko. Kinga haikuwepo au haikusaidia. Plagi safi. Tukabaki na ya nne.

Mjini kati kuna kijana fundi simu mwenye banda la mita moja na nusu. Akakitazama kidude kwa hamu ambayo sijaiona kwa wanaume wengi. Alikuwa na bisibisi za nyota za kila saizi na kile kipulizi chake cha hewa ya moto. Akalainisha gundi, akafungua. Ndani kusafi ajabu, hata chembe ya tope haikuwa imepita. Akaijaribu mota kwa umeme wake, ikazunguka. Akaipima bodi, nzima. Halafu akatutolea kigia kidogo kuliko kucha ya mtoto, kimenyolewa meno upande mmoja.

“Chipu nzima, mota nzima,” akasema. “Kameno ndiyo kamekufa.”

Kameno hako hakauzwi. Nimeuliza Arusha, nimeuliza Dar, nimepekua mtandaoni usiku kucha. Hivi vidude kwa kawaida vinauzwa kizima. Kikifa ndani unanunua kingine. Vile vya daraja la juu kabisa vinazidi dola 600 za Marekani, yaani zaidi ya milioni moja na nusu ya kwetu kabla ya usafiri na ushuru. Cha daraja letu, mpaka kifike, kilikuwa kinapita bei niliyonunulia baiskeli nzima. Kampuni siitaji kwa sababu sioni kosa lake. Walitengeneza kitu cha kustahimili mvua na vumbi na kikastahimili. Hawakumfikiria mtu anayekanyaga bua la pamba katikati ya mbuga. Na nisiwe mchoyo wa sifa: mwaka 2023 SRAM walitoa vya milimani ambavyo baadhi ya sehemu zake za nje, kama ule mkono wenye vigurudumu, unaweza kuzibadilisha moja moja. Ni mwanzo.

Nikakumbuka ile video ya Kigali. Nyuma ya wale mabingwa kulikuwa na magari, juu ya kila gari zimepangwa baiskeli za akiba. Gia ikikataa, bingwa ananyoosha mkono, anapewa baiskeli nyingine, anaondoka fasta. Kwao kidude kinadumu kwa sababu fundi yuko mita hamsini nyuma. Lagangabilili saa kumi na mbili jioni, nyuma yako kuna mbuzi.

Chini ya mwarobaini

“Twende kwa mzee,” fundi simu akasema. Akafunga banda akatufuata. Nadhani alitaka kuona mwisho wa sinema.

Mzee ana mwarobaini wake karibu na soko. Sanduku la mbao, beseni la maji ya kutafutia pancha, kopo la gololi, kopo la grisi, na rundo la vyuma ambavyo wewe na mimi tungeviita takataka. Nikamwamkia shikamoo. “Marahaba mayu,” akasema, akamwangalia mume wangu, akaiangalia baiskeli, akacheka kidogo. Kumbe wanajuana. Mume wangu alikuwa anapita hapo kila wiki na Phoenix ya mwenye nyumba, na hakuwahi kuthubutu kumletea ile ya kijivu. Aliona aibu, eti mzee atashindwa.

Mzee hakuuliza bei iliyonunuliwa. Aliuliza inakwenda wapi, inabeba nini, na nani anaiendesha masika.

Akaanza na kisikio. Sikiliza alivyofanya, maana nilipomsimulia yule fundi wa Arusha alipiga makofi kwenye simu. Alichukua gurudumu la nyuma la baiskeli ya mtumba ya milimani, akaingiza ekseli yake kwenye tundu la kisikio, ikakamata nyuzi barabara. Sasa baiskeli ikawa na magurudumu mawili ya nyuma ubavu kwa ubavu. Yakiwa sambamba, kisikio kimenyooka, yakiachana, kimepinda. Akalishika lile gurudumu la pembeni kama usukani na kulivuta taratibu, akipima mwanya kwa kipande cha kijiti juu, chini, mbele, nyuma. Aluminiamu haipendi kukunjwa mara nyingi, akasema, kwa hiyo akafanya mara moja tu na bila haraka. Kilinyooka.

Spoku mbili akaziweka kutoka kwenye rundo. Halafu akapekua humo humo, akatoka na kibadilisha gia cha zamani kilichotolewa kwenye baiskeli ya mtumba kutoka Japani, kile cha kuvutwa na waya. Akakiosha kwa petroli, akazungusha vigurudumu, akakifunga. Nundu ya nyuma ilikuwa na meno 12 na mimi nikajifanya mjuaji: “Mzee, hicho si cha gia 12.” Akanijibu kwa upole kwamba kidude hakijui kuhesabu, kinachohesabu ni kile kikono cha kwenye usukani, chenye vituo, kila kituo gia moja. Yeye ana kikono kisicho na vituo. Akakitoa: kijichuma cha kusukuma kwa kidole gumba, kinasimama popote unapokiacha. Utasikiliza, akasema. Ikigugumia, sogeza kidogo. Ikinyamaza, umefika.

Tatizo likawa waya. Fremu ile imetengenezwa kwa ajili ya redio, haina tundu wala kishikio cha kupitishia waya hata kimoja. Mzee akachukua tyubu iliyokufa, akakata mipira myembamba, akaifunga waya na ganda lake lote kwenye fremu kuanzia usukani hadi nyuma, fundo baada ya fundo. Fremu yangu ya kijivu ya mapozi ikavaa bangili nyeusi tisa. Fundi simu akapiga picha.

Mume wangu akazunguka soko mara mbili. Gia kubwa za kupandia mlima kile kidude cha zamani hakizifikii, mkono wake mfupi. Tumepata 8 kati ya 12. Aliporudi alikuwa anacheka kwa namna ambayo sijaiona kwenye simu ya video mwaka mzima.

Elfu thelathini kila kitu, na kijana wa simu akakataa hela, akataka soda.

Kama unataka kumnunulia wako

Sisemi usinunue. Kama mnaishi Dar au Arusha, mnaendesha lami Jumamosi asubuhi na mfuko unaruhusu, gia za betri ni raha tupu. Ila kabla hujatoa hela ya mtumba, mwambie muuzaji akuonyeshe mambo mawili matatu. Achaji betri mbele yako na akupe chaja yenyewe, maana kila kampuni ina ya kwake. Apitishe mnyororo gia zote kwenda na kurudi, wewe umetega sikio. Mota ikilia na mkono ukachelewa, ondoka. Chungulia baiskeli kwa nyuma: ule mkono na vigurudumu vyake vinatakiwa kusimama wima, sambamba na meno. Nunua kisikio cha akiba cha fremu hiyo hiyo siku hiyo hiyo; ni cha bei ndogo, hakichukui nafasi, na havifanani kutoka fremu moja hadi nyingine. Na tazama kama fremu ina njia za waya, hata kama leo huzihitaji.

Ukiwa nayo, tope lisikaukie kwenye vile vigurudumu. Ndoo, kitambaa na mswaki mkuukuu vinatosha. Ile mipira ya maji ya kuoshea magari inasukuma maji mahali pasipostahili. Mnyororo upake oili safi kidogo na ufute inayobaki. Oili chafu ya injini, ambayo huku kila mtu anaitumia, inakusanya mchanga na kusaga meno. Betri usiiache ikaisha kabisa kisha ukaiweka kabatini miezi, wala usiiache kwenye gari juani. Na ukiwa njiani kidude kikafa kabisa, mwenye kifungulia mnyororo anaweza kuukata mfupi, akaupitisha kwenye jino moja moja kwa moja bila kidude, akafika nyumbani na gia moja kama Phoenix.

Mume wangu amerudisha baiskeli ya mwenye nyumba. Mwezi uliopita alinitumia sauti tu, bila neno: upepo, tairi kwenye changarawe, halafu *kra, kra*, halafu kimya gia ilipoingia. Friji bado sijanunua, mchezo unanifikia Agosti.

Na kile kidude kilichokufa nilikuja nacho Dar. Fundi simu alikirudishia gundi, kiko hapa kwenye meza yangu ya ofisi, kinazuia karatasi zisipeperuke feni likiwaka. Juzi mpiga picha wetu alikibonyeza bila kujua ni nini. Taa ikawaka kijani.